Mahakama ya Sumner: nafurahi hawakuipamba upya

Sumner, jimboni Mississippi, ni kijiji tu. Wakazi wake hawafiki 500. Lakini kaunti ya Tallahatchie ina makao makuu mawili, Charleston na Sumner, ndiyo maana kijiji hicho kikapata mahakama ya fahari: kuta nene za matofali, matao ya mviringo na mnara wa saa. Ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20, katikati ya mashamba ya pamba, na ukiitazama unaona waziwazi kwamba waliotoa fedha walitaka sheria iogopwe.

Septemba 1955, katika chumba cha ghorofani, walishtakiwa Wazungu wawili, Roy Bryant na J.W. Milam, kwa kumuua Emmett Till, mtoto mweusi wa miaka 14 kutoka Chicago aliyekuja kutembelea ndugu zake.

Mpangilio wa chumba chenyewe ulikuwa ushahidi. Waandishi weusi hawakupewa nafasi pamoja na wenzao. Waliwekewa kimeza cha kuchezea karata pembeni, na hata Charles Diggs, mbunge wa Michigan, aliketi hapo hapo. Mzee Moses Wright, ambaye Till alichukuliwa usiku nyumbani kwake, alipanda kizimbani, akasimama, akamnyooshea Milam kidole mbele ya umati ule. Hukumbuka tendo hilo kila ninaposikia watu wakisema kwamba majengo ni mawe tu. Mzee yule alijua anasimama wapi, na kila kilichomzunguka kilimwambia anyamaze.

Wazee wa baraza walikuwa wanaume 12, wote Wazungu. Walichaguliwa kutoka daftari la wapiga kura, na ingawa weusi ndio waliokuwa wengi katika kaunti hiyo, hakuna hata mmoja aliyekuwa ameandikishwa. Wanawake nao hawakuruhusiwa. Walijadiliana dakika 67, wakawaachia huru washtakiwa. Januari 1956 wawili hao walikiri kwenye gazeti la Look, tena kwa malipo, na sheria haikuruhusu washtakiwe upya kwa mauaji yale yale.

Baadaye chumba kilibadilishwa, na miaka ikapita bila watu kutaka kukizungumzia. Oktoba 2007 viongozi wa kaunti walisoma tamko la kuomba radhi mbele ya jengo hilo, ndugu za Till wakiwapo. Kisha ukaja ukarabati, na hapo ndipo ninapowapongeza kwa dhati: wangeweza kuweka vigae na dari mpya, lakini walikirudisha chumba katika sura ya 1955.

Wapo wanaoona kwamba mahali pa aibu kama hiyo pangefungwa pawe makumbusho matupu. Siafiki. Tangu Julai 2023 jengo ni sehemu ya kumbukumbu ya taifa ya Emmett Till na mama yake, Mamie Till-Mobley, na bado ni mahakama. Hakimu anayesikiliza kesi humo leo anapaswa kuifanya kazi hiyo akikiona kizimba mahali pake.