Huzuni isiyotandikiwa jamvi

Binamu yangu aliyeko Marekani husali kwa Waunitariani, na kila baada ya wiki kadhaa hunisimulia ibada zao kwa simu. Katikati ya ibada, anasema, watu hupanga foleni. Mmoja mmoja huwasha mshumaa mdogo na kutaja jambo lake. Huyu kapata mjukuu. Yule kaambiwa ana saratani. Mwingine paka wake kafa.

"Na paka pia?"

"Na paka pia."

Nilicheka, lakini jambo lenyewe halikunitoka. Sisi wa Bagamoyo tunajiona watu wa dini kwelikweli. Je, mambo yetu ya kila siku yanaingia wapi katika dini hiyo?

Ushirika wa binamu ulizaliwa mwaka 1961 kwa kuunganisha makanisa mawili ya Marekani: Waunitariani, waliokataa Utatu na kushikilia kwamba Mungu ni mmoja, na Wauniversalisti, waliosema mwishowe Mungu hatampoteza mtu yeyote. (La kwanza, mwalimu yeyote wa madrasa hapa angeliitikia papo hapo. La pili lingemkalisha kitako.) Leo hawana Nasadiki wala shahada. Benchi moja anakaa anayemwamini Mungu na asiyemwamini. Kinachobaki cha kuhubiriwa ni maisha yenyewe: kumuuguza mzazi, kuosha vyombo, kununiana na mwenzako.

Kwetu dini ina mizizi mirefu. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni yao hapa mwaka 1868. Kadiria, tarika ya Kisufi, iliushika mji kwa mkono wa Sheikh Ramiya, aliyeletwa pwani akiwa mtumwa kutoka Manyema, mashariki mwa Kongo, na kufariki mwaka 1931 akiwa sheikh anayeheshimiwa na wana wa mabwana. Na mtu akifa leo mtaani kwangu, hakuna kikao cha kupanga nani afanye nini. Jamvi limeshatandikwa, wanawake wanachambua mchele, vijana wameshika njia ya makaburini. Kumzika maiti ni faradhi kifaya: wakijitokeza wa kutosha, wengine wamesalimika, asipojitokeza hata mmoja, dhambi ni ya wote. Jirani yangu Mkristo, ambaye faradhi hiyo haimhusu, huwa wa kwanza kushika jembe. Hakuna anayekuuliza moyo wako ukoje. Unapewa uji, unakunywa.

Ukiutazama kutoka kwenye jamvi hilo, mshumaa wa binamu ni mwepesi. Haumlazimishi mtu. Kweli, alipofanyiwa operesheni wenzake waliandikishana zamu za kumpelekea chakula, wakampelekea, na sitawavunjia heshima. Lakini ile ni hiari, na hiari huchoka. Halafu kuna wasemaji. Zipo sharika zao zilizoacha kabisa kutaja mambo kwa sauti kwa sababu kuna mtu akiwasha mshumaa anaugeuza kuwa mimbari yake, dakika kumi za siasa. Sasa watu huandika kwenye kadi, au hutumbukiza jiwe kwenye bakuli la maji na kurudi kukaa.

Kama si shoga yangu, ningeishia hapo.

Anakaanga mihogo karibu na stendi. Mwaka jana mimba yake ilitoka, ya miezi miwili na kitu. Mimba changa kama ile haiswaliwi, haina arubaini, haina khitma. Hakukutandikwa jamvi. Siku ya tatu alikuwa karaini, mkono una mafuta hadi kwenye kiwiko, mteja anamfokea kwa chenji ya mia mbili. Dini yetu inajua vizuri mno namna ya kubeba huzuni yenye jina. Isiyo na jina inabebwa na mwenyewe, kimya, na akilalamika anaambiwa asubiri.

Nilidhani Wakatoliki wametupita kwa hili. Jumuiya zao ndogondogo zinakutana nyumba kwa nyumba, na kila mtu ana nafasi ya kutoa ombi. Jirani yangu yule akanicheka. Yeye husema "tuiombee familia yangu" na kuishia hapo, kwa sababu anayemsikia ndiye anayepakana naye ukuta, na habari itafika bombani kabla yake.

Nadhani ndipo ilipo tofauti, kuliko kwenye itikadi. Wale wa binamu wanatoka pande zote za mji, wakitawanyika hawaonani hadi Jumapili nyingine. Ndiyo maana wanaweza kusema. Sisi tunazikana kwa sababu tunaishi mlango kwa mlango, na kwa sababu hiyohiyo tunaficha. Mimi jamvi silibadilishi kwa mshumaa. Ila siwezi tena kusema kwamba halina tundu.

Nilimweleza shoga habari za mishumaa. Akageuza mihogo, akauliza, "Wakishasema, wenzao wanawajibu nini?"

Sikujua. Nikampigia binamu. "Hawajibu," akasema. "Wananyamaza kidogo, halafu mwingine anawasha wake."

Nikampelekea jibu. Akapunguza moto.

"Afadhali yao," akasema. "Mimi kila niliyemwambia alinijibu."