Mablanketi yamehesabiwa, maji je?

Juzi nimetumiwa ripoti ya msaada baada ya mafuriko, ya shirika ambalo sitalitaja, nikaisoma yote usiku mmoja. Mablanketi yamehesabiwa. Ndoo zimehesabiwa, mahema, sabuni, mikeka, hadi safari za malori. Nilitafuta sentensi moja tu ya kuniambia kama watu wa pale leo wanapata maji safi kama walivyokuwa wakiyapata kabla ya mvua ile, au angalau nusu yake. Haimo. Nililala na hasira na nikaamka nayo, ndiyo maana naandika.

Ripoti kama hiyo inaeleza mtoaji alitoa nini. Jamii iliyopigwa imo kama anwani ya kupelekea mzigo.

Na si kwamba hakuna njia bora. Mwaka 2003 jarida la Prehospital and Disaster Medicine lilichapisha mwongozo wa kuchunguza maafa, uliohaririwa na Knut Ole Sundnes na Marvin Birnbaum, kwa mtindo unaoitwa wa Utstein. Utstein ni abasia, yaani nyumba ya watawa, ya zamani huko Norway. Mwaka 1990 wataalamu walikutana hapo ili wakubaliane namna moja ya kuandika taarifa za wagonjwa ambao moyo umesimama ghafla, maana kila mahali palikuwa na hesabu yake na hakuna aliyeweza kulinganisha chochote na chochote. Wa maafa waliazima wazo hilo, na kuanzia 2015 Birnbaum na wenzake wakaupanua ule mwongozo wao.

Kinachonivutia humo ni jinsi wanavyokataa kuchanganya mambo. Mto unaopita kando ya mji ni hatari. Ukivunja kingo zake, hilo ni tukio. Daraja likichukuliwa na maji, huo ni uharibifu. Maafa bado hayajatajwa! Yanakuja pale jamii inaposhindwa kufanya kazi zake, kutibu, kulisha, kusafirisha, kufundisha, kulinda, kuwasiliana, kiasi cha kuhitaji mkono wa nje. Wanazitaja kazi hizo moja moja, zaidi ya kumi, na uratibu ndio unaozishika pamoja. Kila moja inaulizwa ilikuwaje kabla, ikoje sasa, na msaada uliopelekwa umeibadilisha vipi.

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya wasomi. Niliwahi kudhani hivyo.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye timu ya tathmini, siku ya tano baada ya maji kupungua. Nilikuwa na fomu. Penye kituo cha afya palikuwa na visanduku viwili: kimeharibiwa, hakijaharibiwa. Nilikitazama kituo: paa lipo, kuta kavu, kimejengwa mwinuko. Nikaweka alama kwenye hakijaharibiwa. Muuguzi aliyekuwa zamu, mama wa makamo, akaniuliza, "Umeandika nini hapo, mwanangu?" Nikamwambia. Hakubishana nami. Akanishika mkono hadi kwenye friji ya chanjo, akafungua mlango. Kipimajoto kilisoma 19. Chanjo zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8. Akatoa kichupa kimoja, akanionyesha lebo. Wanaofanya kazi hizi wanajua kile kimraba kilicho ndani ya duara, kinachobadilika rangi kwa joto: kikiwa cheupe kuliko duara, chanjo iko salama, kikifikia rangi ya duara, tupa. Kilikuwa kimefikia. Umeme ulikatika siku ya kwanza, na mafuta ya jenereta yalikuwa ng'ambo ya daraja ambalo halipo tena. "Sasa andika na hili," akasema.

Fomu haikuwa na pa kuliandika. Niligeuza karatasi nikaandika nyuma yake. Ripoti ilipotoka, kituo kile kilikuwa miongoni mwa vile ambavyo havikuguswa, na hakikupangiwa msaada wowote.

Kosa hilo silisahau. Daraja lilihesabiwa kwenye jedwali la barabara, nguzo za umeme kwenye jedwali la nishati, kituo kwenye jedwali la afya, na hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa na kazi ya kuunganisha hayo matatu. Mtoto asiyepata chanjo ya surua wiki ile hakuwa kwenye jedwali lolote. Kama fomu ingeuliza "kituo kilichanja watoto wangapi wiki ya kawaida, na wangapi wiki hii?", swali moja hilo lingefichua friji, umeme, mafuta na daraja kwa pamoja.

Wanaofikiri nakuza jambo waiangalie Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani huko Karibi. Kimbunga Maria kiliingia tarehe 20 Septemba 2017. Kwa miezi mingi idadi rasmi ya waliokufa ilikuwa 64. Agosti 2018, baada ya uchunguzi wa Chuo Kikuu cha George Washington, serikali ya kisiwa ilikubali makadirio ya 2,975. Utafiti mwingine, wa Harvard na wenzao, ulipita kaya 3,299 ukiuliza nani amekufa na kwa nini, na karibu theluthi moja ya vifo vilivyotokea baada ya kimbunga ilihusishwa na matibabu yaliyochelewa au kukatika. Watu hao hawakuangukiwa na ukuta. Mashine ya oksijeni ilizimika. Simu ya kuita gari la wagonjwa haikuwa na mtandao. Ilichukua takribani miezi 11 kurudisha umeme kwa karibu wateja wote. Mwenye kuhesabu nyumba zilizobomoka na maiti zilizotolewa kwenye vifusi hawezi kuwaona hawa hata akiwa mkweli kabisa, kwa sababu kilichowaua ni kazi za jamii zilizosimama, na yeye anaangalia vitu vilivyovunjika.

Halafu tunashangaa kwamba tetemeko la Chile la Februari 2010, la ukubwa wa 8.8, liliua mamia, na la Haiti mwezi mmoja kabla, la 7.0, likaua watu kwa makumi ya maelfu na zaidi. Ukubwa wa tukio peke yake haujawahi kueleza maafa.

Msaada nao upimwe kwa kipimo hichohicho. Kipindupindu kilichoingia Haiti Oktoba 2010 kilitokana na maji taka ya kambi ya walinda amani, upande wa juu wa mto ambao watu walikuwa wakinywa maji yake. Wale waliotumwa kusaidia.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba saa za mwanzo watu wakiwa chini ya vifusi hakuna anayefungua jedwali la kazi za jamii. Chimbueni, hesabuni blanketi, pelekeni. Nakubali pia kwamba "kurudi ilivyokuwa" si lengo la kutosha: penye familia zilizokuwa zikichota maji machafu kabla ya mafuriko, kuwarudisha kwenye maji machafu si ushindi. Lakini hata hilo utalijua tu kama ulijua walikotoka.

Na hapo ndipo kila tathmini niliyowahi kuiona inapokwama. Takwimu za kabla hazipo. Tunafika na fomu mpya siku ya tano na kuwauliza watu waliofiwa wakumbuke kisima kilitoa ndoo ngapi mwezi uliopita. Tunawatonesha, na jibu lenyewe ni la kukisia.

Hizo takwimu hazihitaji wataalamu wa kutoka mbali. Kisima kinahudumia kaya ngapi. Kituo kinazalisha akina mama wangapi kwa mwezi, na jenereta yake ina mafuta ya siku ngapi. Wanafunzi wangapi wako darasani. Mafuta, dawa na chakula vinapitia barabara ipi, na ikifungwa kuna nyingine? Karani mmoja mwenye daftari na pikipiki anazimaliza kata nzima ndani ya wiki moja, na akirudi kila mwaka kuzihuisha anatumia muda mfupi zaidi. Akafanye kiangazi, barabara zikiwa zinapitika, na nakala moja ibaki kwa muuguzi wa zamu.