Kitanda cha Ghala

Mwanangu ana miaka 16, na tangu mwaka jana amerefuka kama mpapai ulioota kando ya shimo la choo. Miguu yake ilikuwa ikitokeza nje ya kitanda cha kamba alichorithi kwangu, nami kila nilipopita gizani kwenda kutia udhu niligongana na nyayo hizo kabla sijamaliza kupiga bismillahi. Nguo, madaftari na viatu vyake vya mpira vilikuwa vimetandazwa sakafuni mithili ya samaki wa kuanikwa. Hapo ndipo nilipotangaza, mbele ya mama yake na bibi yake, kwamba nitamtengenezea kwa mikono yangu kitanda imara chenye droo chini. Bibi yake aliuliza kama fundi amekufa.

Plaiwudi ya milimita 18, yenye futi nane kwa nne, nilivusha kwa mashua kutoka Mokowe hadi kisiwani Lamu wakati kusi limeshika kasi, na upepo huo haukutofautisha kati ya bidhaa yangu na tanga. Tulipofika mjini, mimi na hamali tulikutana uchochoroni na punda aliyebebeshwa mawe, ambaye hakuwa tayari kurudi nyuma wala hakuona sababu ya kusimama. Tuliinua plaiwudi juu ya kichwa chake, naye akapita chini yake kwa utulivu wa mtu anayepita chini ya mlango wa nyumba yake.

Katika ujenzi wenyewe sikufanya mchezo. Matendegu, yaani miguu ya kitanda, niliyachonga kwa mbambakofi, mti ule ule wanaoutumia mafundi wa majahazi, na mifumbati, zile mbao za ubavuni, nikaiingiza kwenye matendegu kwa ulimi na tundu badala ya kupigilia misumari, kwa sababu kijana wa umri huu halali kitandani bali hujitupa, na msumari hulegea kwa kutikiswa. Skrubu nilichagua za shaba, maana hewa ya chumvi ya Lamu hula chuma cha kawaida kabla hujamaliza kukisifu. Chaga za kubeba godoro nilizipanga kwa nafasi ya inchi mbili ili lipumue lisiote ukungu, nikaongeza tendegu la tano katikati, ambalo mke wangu alilicheka hadi alipokaa juu yake mwenyewe. Kwa kuwa vyumba vyetu ni vyembamba, vimekatwa kwa urefu ambao boriti ya mkoko inaweza kubeba dari, droo mbili nilizifanya fupi zisigonge ukuta wa pili zikivutwa, na nafasi iliyobaki upande wa mchago, yaani kichwani, nikaigeuza sanduku lenye mfuniko, linalofunguliwa baada ya kuinua godoro. Kazi niliyoiahidi kwa siku mbili ilichukua siku 11, lakini hilo halihusiani na ubora.

Siku ya kumi na mbili droo ya kwanza ilikuwa na masufuria ya harusi. Niliuliza ni ya nani, nikaambiwa ni ya shangazi, na kwamba ni ya muda tu. Droo ya pili iliingia mikeka ya maulidi, kikapu cha ubani wa bibi na taa ya karabai ambayo haijawashwa tangu umeme ulipoingia nyumbani kwetu. Mwenye kitanda hakulalamika hata kidogo. Nguo zake zilirudi sakafuni, mahali zilipozoea, na viatu vikarudi palepale ninapopita gizani. Tofauti ni kwamba sasa ninagonga viatu kwanza, kisha tendegu la mbambakofi, ambalo, kwa bahati mbaya yangu, nililifanya imara.

Wiki hii mlango wa choo umefura kwa unyevu na hautaki kufungika, jambo linalohitaji randa kwa dakika kumi tu. Randa yangu imo ndani ya lile sanduku la mchago, chini ya magunia mawili ya bibi, chini ya chaga, chini ya godoro, chini ya mwanangu, ambaye shule imefungwa na haamki kabla ya adhana ya adhuhuri. Anayeingia chooni kwa sasa anaombwa akohoe.