Mwizi wa chama chetu

Ndugu zangu walio Tanzania wakiniuliza kuhusu siasa za Marekani, huniuliza habari za rais. Watu ninaoishi nao hapa Maryland, jirani kabisa na Washington, wamechoshwa na jambo kubwa kuliko rais mmoja. Wamechoka kuona kosa la kiongozi likipimwa kwa chama chake kwanza, sheria baadaye.

Angalieni suala la misamaha. Desemba 2024 Joe Biden alimsamehe mwanawe Hunter, ilhali alishasema zaidi ya mara moja kwamba hatamsamehe. Oktoba 2025 Donald Trump akamtoa gerezani George Santos, mbunge wa zamani wa chama chake, aliyefukuzwa na Baraza la Wawakilishi mwaka 2023 na kuhukumiwa miaka zaidi ya saba kwa utapeli. Alikuwa ameitumikia kwa miezi tu. Kazini kwangu waliofoka mara ya kwanza waliupokea msamaha wa pili kwa visingizio, na waliokuwa na visingizio mara ya kwanza sasa ndio wakafoka. Ni watu wema wote hao, wangekukopesha gari lao bila kuuliza. Ushabiki ndio uliowafikisha hapo.

Kuna pia kufungwa kwa shughuli za serikali. Vyama viwili vilishindwa kukubaliana kuhusu bajeti, na kuanzia Oktoba 1 hadi Novemba 12, 2025, siku 43, watumishi wa umma ama walikaa nyumbani ama walifanya kazi bila mshahara. Waongoza ndege waliendelea kuongoza ndege. Huku tunakoishi, kila mtaa una mtumishi wa serikali kuu, kwa hiyo foleni za chakula cha msaada zilijaa watu waliovaa vitambulisho vya kazi shingoni. Wabunge wao, wenye dola 174,000 kwa mwaka, mshahara wao haukukatika, kwa kuwa Katiba inaulinda. Hasira niliyoisikia wakati huo haikuwa na chama.

Lakini linalonikera mimi zaidi ni hisa. Mbunge wa Marekani anaruhusiwa kununua na kuuza hisa za kampuni ambazo yeye mwenyewe anazitungia sheria. Sheria ya mwaka 2012 inamtaka atangaze biashara hiyo ndani ya siku 45. Akichelewa, faini ya kawaida ni dola 200, na mara nyingi anasamehewa. Februari 2020, korona ikiwa inanyemelea, Seneta Richard Burr, mwenyekiti wa kamati ya ujasusi, aliuza hisa nyingi takriban wiki moja kabla soko halijaanza kuporomoka. Alikana kutumia taarifa za siri, akachunguzwa, hakushtakiwa. Huyo ni wa Republican. Nancy Pelosi wa Democrat, ambaye mumewe ni mfanyabiashara mkubwa wa hisa, alipoulizwa mwaka 2021 kama wabunge wazuiwe, aliitetea haki yao, ingawa baadaye alilegeza msimamo. Vyama vyote viwili vimeleta miswada ya kulikomesha jambo hili, na mingi imeishia kamatini.

Nikiyasikia hayo nakumbuka kwamba sisi tulishaliandika jibu. Azimio la Arusha, 1967: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Na likafafanua kwamba kiongozi ni mtu pamoja na mwenzi wake wa ndoa, ili asijitokeze wa kusema "hizo ni za mume wangu". Mwaka 1991, kule Zanzibar, Halmashauri Kuu ya CCM ikayaondoa masharti hayo. Sisemi turudi 1967 na kila kilichokuwamo. Nasema sharti la maadili ndilo lililokuwa sehemu bora ya Azimio, na ndilo tuliloliacha kwa urahisi kuliko yote.

Wala ushabiki haukuzaliwa Marekani. Edward Lowassa wa CCM alijiuzulu uwaziri mkuu mwaka 2008 kwa sakata la Richmond, kampuni iliyopewa mkataba wa umeme wa dharura, akisisitiza kwamba ameonewa. Chadema, chama cha upinzani, walimwita fisadi kwa miaka. Mwaka 2015 wakampa tiketi ya urais. Mwaka 2019 akarudi CCM na kupokewa kwa shangwe. Kama alikuwa na hatia au hakuwa nayo, Watanzania tulistahili kulijua hilo mahakamani. Tulichopata ni jibu lililobadilika kila alipobadilisha kadi.

Hapo ndipo naiona tofauti, na naisema kwa uchungu. Seneta Bob Menendez wa Democrat alikutwa na vipande vya dhahabu nyumbani kwake. Alishtakiwa mwaka 2023 na waendesha mashtaka wa serikali iliyoongozwa na chama chake mwenyewe, na Januari 2025 akahukumiwa kifungo cha miaka 11. Na zile hisa za wabunge nazisoma mimi, mhamiaji, kwenye simu yangu nikisubiri basi, bila kumwomba mtu ruhusa. Wamarekani wanachukia wanachokiona, ila wanakiona.

Nyumbani wabunge na mawaziri wanajaza fomu za mali zao kila mwaka na kuzipeleka Sekretarieti ya Maadili, chini ya sheria ya mwaka 1995. Huko hazifunguki kwa mwananchi kwenye simu. Kwa hiyo ninapopigiwa na kuulizwa tuige nini Marekani, jibu langu ni hilo moja: fomu zote ziwekwe mtandaoni, za mbunge wako na za mwenzi wake, za chama tawala na za upinzani, kuanzia Bunge hili.