Mkate wa matango na jua la Oktoba

Sisi watu wa Tabora tumejiaminisha kwamba chakula cha mchana kisichopita motoni si chakula. Nayasema haya nikiwa Leicester, Uingereza, ambako mtu akisikia njaa saa saba anafungua mkate, anapanga matango na nyanya, anakula, anarudi kazini. Hakuna anayemwonea huruma wala kuuliza mkewe yuko wapi.

Joto lenyewe Waingereza hawaliwezi. Nyumba zao zimejengwa zishike joto la wakati wa baridi, sasa Julai jua likiwaka, ndani hapakaliki. Julai 2022 kipimo kilifika nyuzi 40.3 kule Coningsby, rekodi ya nchi yao. Hata Oktoba yetu, na vumbi lake lote, kwa kawaida haifiki huko. Lakini angalia walichofanya: majiko yalizimwa. Joto likizidi, hawaliongezei moto.

Sandwichi yao ya matango nilikuwa naicheka, hadi nikaona ina ufundi wake. Tango linakatwa vipande vyembamba mno, linanyunyiziwa chumvi kidogo, linaachwa dakika kumi litoe maji, kisha linakaushwa kwa kitambaa safi. Siagi inapakwa slesi zote mbili mpaka pembeni, kwa sababu mafuta ndiyo yanayozuia maji ya mboga yasiulowanishe mkate. Pilipili manga kidogo, basi. Wenye kujidai hukata kingo za mkate na kuzitupa, na hilo sitalitetea popote.

Tatizo ni mboga zenyewe. Tango la dukani limevalishwa nailoni kama maiti. Nyanya nyingi ni nyekundu kwa nje tu, ukiuma unakutana na maji. Nikikumbuka nyanya za fungu pale Soko Kuu, zile zilizoivia shambani, naona Mungu aliwapa hawa utaratibu akatupa sisi mboga.

Maana sisi kila kitu tunacho. Kachumbari yetu ya nyanya, kitunguu, tango, ndimu na pilipili ni sandwichi iliyokosa mkate tu. Ikamue maji kwanza, uipange juu ya parachichi lililopondwa. Parachichi linafanya kazi ya siagi, na ndimu inalizuia lisiwe jeusi haraka. Asiye na parachichi ana karanga. Zisage zilainike, upake. Mayonezi achana nayo kama huna friji, joto la Oktoba halina mzaha na mayai mabichi. Mboga zioshwe kwa maji safi, na mkate ukishapangwa uliwe hapohapo, usisubiri jioni.

Nilimwambia dada yangu wa Kanyenye haya yote kwenye simu. Akacheka.

"Kaka, mkate ni wa chai. Mchana watu wanakula."

Nikamwuliza mchana huo alikuwa wapi. Alikuwa amekaa mbele ya jiko la mkaa, jua la utosini, jasho linamtiririka, anasonga ugali wa watu ambao wamelala chini ya mwembe wakilalamikia joto. Hapo ndipo ninapogombana na utamaduni wetu. Tunaosema mkate haushibishi, wengi wetu hatujawahi kushika mwiko mwezi wa kumi. Na mkaa wenyewe siku hizi si wa bei ya kuchezea.

Sikatai ugali. Huku ugenini naulilia, na jioni hewa ikipoa hakuna kinachoushinda, hasa ukiwa na mboga za majani zilizoungwa kwa karanga. Mzigo wa kushinda juani unadai chakula kizito, mkulima wa tumbaku simpi mkate wa matango nikamwambia aende shamba. Nazungumzia nyumba za mjini, watu wa ofisini na dukani, wanaokula ugali saa nane kisha wanasinzia mpaka saa kumi.

Dada alizijaribu sandwichi hatimaye, nadhani ili aninyamazishe. Watoto walizipenda, wakataka zaidi. Shemeji naye alikula slesi nne, akasifu parachichi, akanawa mikono, kisha akauliza ugali utaiva saa ngapi. Nikamwambia dada amwonyeshe mkaa uliko.