Dakika Moja ya Madison Square Garden

Hivi karibuni, katika onyesho moja hapa Dar es Salaam, binti aliyepanda jukwaani na gitaa lake kumsindikiza mwanamuziki maarufu, yaani kuimba kabla yake, alikatiwa sauti akiwa katikati ya wimbo wa pili. Hakuna aliyemwomba radhi. Nilipomuuliza sababu bwana mmoja wa upande wa waandaaji, alinijibu kwamba wasindikizaji wapo kwa ajili ya kujaza muda hadi watu wafike, na kwamba mwenye nyota yake hana haja ya kupitia huko kwa kuwa atajulikana tu. Jibu hilo limenikera kiasi cha kunikosesha utulivu. Kwa kuwa wengi wetu tumelelewa katika nyumba ambamo Jim Reeves, Don Williams na Dolly Parton walisikika kila Jumapili, nitalijibu kwa mfano unaotoka katika muziki huo huo wa kantri, nao ni ziara ya kwanza ya Taylor Swift akiwa msanii mkuu, iliyoanza katika mji wa Evansville, jimbo la Indiana, tarehe 23 Aprili 2009.

Wengi wanaomzungumzia leo wamemjua kupitia Eras, ziara ya maonyesho 149 iliyofanyika kati ya mwaka 2023 na 2024 na kuingiza zaidi ya dola bilioni 2, na kwa sababu hiyo wanadhani alizaliwa akiwa katikati ya uwanja wa mpira uliojaa. Aprili ile ya 2009 alikuwa msichana wa miaka 19, mwimbaji wa kantri mwenye albamu mbili, ambaye hakuwahi kuwa mwenye shughuli katika ziara yoyote. Hata hivyo, tiketi za ukumbi mkubwa wa Madison Square Garden, New York, zilikwisha kwa dakika moja, na zile za ukumbi wa Staples Center, Los Angeles, kwa dakika mbili. Dakika hiyo moja ndiyo inayotajwa kila mara kama ushahidi wa nyota. Mimi nasema ni ushahidi wa miaka mitatu ya kusindikiza.

Wimbo wake wa kwanza ulitoka Juni 2006 na albamu ikafuata Oktoba mwaka huo huo. Kabla hata albamu haijatoka alikuwa akizunguka kutoka kituo kimoja cha redio hadi kingine, akiimba mbele ya watangazaji wachache ofisini mwao, kwa maana katika kantri ya Marekani redio ndiyo iliyokuwa mlango, na mlango huo haukufunguka kwa barua. Nafasi yake ya kwanza kubwa ilitokana na bahati mbaya ya mwenzake: Eric Church, aliyekuwa akisindikiza kundi la Rascal Flatts, aliondolewa kwenye ziara kwa kuzidisha muda aliopangiwa na kupiga kwa sauti kubwa mno, na binti wa miaka 16 akaitwa kumalizia maonyesho yaliyobaki. Church alimwambia kwa utani kwamba siku akipata rekodi yake ya dhahabu, ile tuzo ya mauzo makubwa, ampe yeye, na alipoipata alimpelekea kweli, pamoja na ujumbe wa kumshukuru.

Mwaka 2007 alimsindikiza George Strait, kisha Brad Paisley, kisha Tim McGraw na mkewe Faith Hill. Wimbo wake ule wa kwanza ulikuwa na jina la Tim McGraw, na sasa alikuwa akiuimba jioni kabla ya McGraw mwenyewe kupanda jukwaani. Mwaka 2008 alirudi tena kwa Rascal Flatts. Ukizihesabu ziara hizo utaona kwamba msichana huyu alifundishwa kazi na karibu kila mtu mkubwa wa Nashville, mji ulio kitovu cha muziki wa kantri, wa wakati ule, na hakuna hata mmoja kati yao aliyemfundisha kwa maneno.

Hapa ndipo ninapotaka yule bwana anisikilize kwa makini. Msindikizaji huingia wakati taa za ukumbi hazijazimwa zote, viti vingi vikiwa vitupu, watu wakitafuta namba za viti vyao huku wameshika vinywaji, na hata wale waliokwisha kuketi wamelipa kumwona mtu mwingine. Vyombo vyake vimebanwa kwenye ukanda mwembamba wa mbele kwa kuwa nyuma yake pamejaa vyombo vya mwenye shughuli. Ana nusu saa, pengine pungufu, na katika nusu saa hiyo hana nafasi ya wimbo dhaifu, hana nafasi ya hotuba ndefu, wala hana kisingizio. Lazima ajifunze ni wimbo upi unaomfanya mtu aliyesimama ngazini ageuke, ni sentensi ipi kati ya nyimbo mbili inayomfanya asiendelee kutembea, na ni lini anyamaze. Kwa George Strait, ambaye ana desturi ya kuimba juu ya jukwaa lililowekwa katikati ya ukumbi, mwimbaji hujifunza jambo jingine gumu zaidi, kwamba popote atakapoelekeza uso wake kuna maelfu ya watu anaowapa mgongo, na kwamba watu hao nao wamelipa. Elimu ya namna hii haipatikani studio, wala haipatikani kwa kutazamwa na mamilioni kwenye simu, kwa sababu simu haikuonyeshi mtu akiinuka na kuondoka. Msanii anayerushwa moja kwa moja kwenye jukwaa kuu bila kuipitia huonekana dakika ya ishirini tu: nyimbo zake mbili zinazojulikana zimekwisha, hajui afanye nini na mikono yake, na anaanza kuwalaumu mafundi mitambo.

Faida ya elimu hiyo ilionekana waziwazi katika ziara ile ya 2009. Kulikuwa na ngome ya hadithi za kale jukwaani, mavazi ya kubadilisha, na maji yaliyommwagikia kama mvua mwishoni mwa onyesho, mambo ambayo mtu mwenye fedha anaweza kuyanunua. Kilichonigusa zaidi ni kwamba katikati ya onyesho alitokea nyuma kabisa ya ukumbi, akaimba kwa gitaa kavu karibu na watu wa viti vya mbali, kisha akatembea kuelekea mbele akiwakumbatia waliokuwa njiani. Aidha, mama yake na wasaidizi wake walipita ukumbini wakati wa onyesho wakiwachagua mashabiki waliokuwa wakiimba na kucheza kwa moyo, mara nyingi wa viti vya bei ya chini, ili wakutane naye baada ya onyesho bila kulipa chochote. Tiketi zilianzia dola 20. Ninaamini kwa dhati kwamba mtu aliyekaa miaka mitatu akiwatazama watu wa viti vya nyuma wakiingia kwa kuchelewa ndiye anayejua kwamba hao nao ni mashabiki wanaostahili kufikiwa.

Kuna habari moja ya ziara hizo ambayo ningependa kila promota wetu aifahamu. Mwaka 2007 Swift alitakiwa kumsindikiza Kenny Chesney, mwimbaji maarufu wa kantri, jambo ambalo lingemwinua sana, lakini ziara ile ilidhaminiwa na kampuni ya bia na yeye hakuwa ametimiza miaka 18, kwa hiyo akaondolewa. Miezi kadhaa baadaye, alipotimiza miaka hiyo, aliletewa kadi kutoka kwa Chesney ikiwa na hundi ndani yake, ya kumfidia kwa nafasi aliyoikosa. Amesimulia mwenyewe kwamba hakuwa amewahi kuona fedha nyingi kiasi kile, na kwamba aliwalipa wapigaji wake nyongeza na kugharamia mabasi ya ziara. Chesney hakudaiwa kitu. Alimhesabu msindikizaji kuwa ni mfanyakazi mwenzake, na kwamba kazi aliyoipoteza ilikuwa na thamani inayohesabika kwa fedha.

Nitakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba familia yake ilikuwa na uwezo. Si kila mzazi anaweza kuhama Pennsylvania na kuhamia karibu na Nashville kwa sababu binti wa miaka 14 anataka kuimba. Nitakubali pia kwamba mwaka 2014 aliiacha kantri akaenda kwenye pop, na wapo wazee wa kantri ambao hawajamsamehe hadi leo. Na ni kweli kwamba ngazi hii haikuwapandisha wanawake wote sawasawa, kwa kuwa redio za kantri zimekuwa zikiwabania wanawake kwa miaka mingi. Lakini uwezo wa baba haumgeuzi mtu aliyesimama ngazini. Wapo watoto wengi wa matajiri waliofika Nashville na kurudi makwao.

Jambo jingine linalonithibitishia kwamba hakuiona kazi hiyo kuwa ya kujaza muda ni kwamba katika mwaka ule ule wa 2009, huku tiketi zake zikigombaniwa, alikubali kumsindikiza Keith Urban katika baadhi ya maonyesho yake. Yeye naye aliwapa nafasi wengine: Kellie Pickler na kundi la Gloriana, lililokuwa ndio kwanza linaanza, walipanda kabla yake, na alipofika Uingereza Novemba mwaka huo alimpa nafasi kijana wa Kanada wa miaka 15 aliyeitwa Justin Bieber, ambaye alivunjika mfupa wa mguu jukwaani jijini London na bado akaumaliza wimbo wake. Juni 2010, katika uwanja wa Gillette ulioko Foxborough, Massachusetts, akawa msanii mkuu wa uwanja wa mpira kwa mara ya kwanza, na viti vilijaa. Ziara ilipofungwa Julai, zaidi ya watu milioni 1 walikuwa wameiona.

Kwa hiyo ninawaomba mapromota wa hapa nyumbani mambo ambayo hayahitaji dola bilioni. Mpeni msindikizaji muda unaojulikana kabla ya siku ya onyesho, na asikatiwe hata dakika moja kati ya hizo kwa sababu mtu fulani ameingia na msafara wake. Mpeni nafasi ya kujaribu sauti mchana, fundi akiwa amekaa kwenye mitambo yake. Jina lake liandikwe kwenye bango kwa herufi zinazosomeka. Mlipeni usiku ule ule. Na yule binti wa gitaa, ambaye wimbo wake wa pili sisi tuliokaa karibu tulikuwa tumeanza kuupenda, aitwe tena na aruhusiwe kuumaliza.