Albamu ya ridimu moja isikilizwe yote, hata nyimbo zake mbovu

Mwekee mtu asiyezoea dancehall, muziki wa Jamaika, albamu ya ridimu moja, yaani biti moja inayoimbiwa na waimbaji wengi, kila mmoja na wimbo wake. Kabla hujafika wimbo wa nne atakuuliza, mbona huu wimbo hauishi? Besi ni ile ile, kinanda ni kile kile, makofi yanaingia pale pale. Anayebadilika ni mwimbaji tu. Yeye anaona hiyo ni kasoro. Mimi naona ndiyo raha yenyewe.

Chukua Diwali, ridimu ya Steven "Lenky" Marsden iliyotikisa Kingston mwaka 2002 na baadaye dunia nzima. Imejengwa juu ya makofi yanayorukaruka, yasiyotua pale sikio linapoyangojea. Juu ya makofi hayo Sean Paul aliimba "Get Busy", Wayne Wonder akaimba "No Letting Go", na Bounty Killer akaja na "Sufferer". Zisikilize tatu hizo kwa mfululizo. Sean Paul anayafukuza makofi silabi kwa silabi, pumzi haimwishi. Wayne Wonder haendi mbio. Anaivuta sauti taratibu juu yake, na biti ya kutoa jasho inageuka ya kubembelezana. Kisha Bounty Killer, kwa lile koo lake zito, anaingiza dhiki ya mtaani, na makofi yale ya sherehe yanaanza kusikika kama ghasia. Biti haijaguswa hata kidogo.

"Get Busy" ilishika namba 1 kwenye chati ya Billboard Hot 100 mwaka 2003, na mwaka huo huo binti wa New York, Lumidee, alifika namba 3 kwa "Never Leave You", juu ya Diwali hiyo hiyo. Redioni ukizisikia zimetawanyika utasema ni nyimbo nzuri, basi. Zikikaa pamoja ndipo unapojua kipi alileta Lenky na kipi alileta mwimbaji.

Wapenzi wa malumbano ya ushairi wananielewa. Mshairi akitupa swali gazetini, wanaojibu hufuata bahari ile ile na vina vile vile, na hapo ndipo fundi na mwanagenzi wanapojitenga.

Chanzo cha utaratibu huu, tusijidanganye, si sanaa peke yake. Prodyuza wa Jamaika alilipa wapigaji mara moja, akabaki na biti ya kuwaimbisha watu kadiri alivyotaka. Mwaka 1974 Rupie Edwards alitoa "Yamaha Skank", albamu nzima juu ya biti moja, ile ya "My Conversation" ya The Uniques. Mwaka 1985 hata bendi haikuhitajika: Sleng Teng ya Prince Jammy na Wayne Smith ilitoka kwenye mdundo uliokuwa tayari ndani ya kinanda kidogo cha Casio. Miaka ya 2000 kampuni za rekodi za Greensleeves na VP Records wakazifanya albamu hizi kuwa mfululizo, kila ridimu kali na CD yake.

Na ndiyo, CD hizo zina nyimbo mbovu. Kuna mtu anaingia akiwa hana la kusema, anarudia jina la ridimu mpaka muda unaisha. Simruki. Bila yeye ningedhani Diwali inamwimbisha mtu yeyote.

Hapa ndipo ninapokosana kidogo na miksi za kwenye matatu. Nazipenda, nisieleweke vibaya. Safari ya foleni bila miksi ya ridimu ni adhabu. Lakini dijei anakata baada ya ubeti mmoja, na kila mwimbaji anaonekana mkali kwa sababu hajapewa nafasi ya kuchuja. Kujaza dakika tatu ni kazi nyingine. Ubeti wa pili wa wimbo ndipo wengi wanapokwama.

Vyombo vya kusikilizia muziki mtandaoni navyo vimeharibu. Ridimu inatoka vipande vipande, wimbo huu leo na mwingine kesho, huku jina la aliyetengeneza biti likifichwa mahali ambapo hakuna anayefungua. Jina hilo ndilo linalopaswa kutangulia, kubwa, mbele ya Sean Paul na wenzake. Si suala la heshima tu. Steely & Clevie, maprodyuza wawili wa Jamaika, walitengeneza ridimu ya Fish Market mwaka 1989, na ilibidi mwaka 2021 ifunguliwe kesi Marekani kudai haki yao kwa nyota wa reggaeton, muziki wa dansi wa Kilatini, waliodaiwa kuutumia mdundo huo.

Ombi langu jingine ni dogo. Biti tupu, ile isiyo na sauti ya mtu, kwa kawaida huwekwa mwisho kabisa, kama haikuachwa nje. Iwekwe mwanzo. Msikilizaji aisikie kwanza ikiwa wazi, ajiulize yeye mwenyewe angeimba nini hapo, ndipo mwimbaji kama Elephant Man aingie akipiga kelele.